Gamba la Kobe wa Fundi

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia, kwa sababu Amu nzima, yaani Lamu yote, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi. Mafundi hapa ni wengi, wa milango, wa boti, wa simu, lakini ukisema Fundi tu bila kuongeza neno, mtu atakunyoshea kidole kwenye ndia yetu, njia nyembamba, kwenye nyumba iliyopakana ukuta na yangu. Alizaliwa wapi, ni mwana wa nani, waulize wengine. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu niolewe, miaka saba, mpaka wiki hii alipohama. Alikuwa na kobe ambaye gamba lake lililainika, na mimi na yeye, katika kumtibu, tukamwumiza zaidi. Nina hasira. Namkasirikia yeye, najikasirikia mimi, na kila anayeniambia "si kobe tu?" namkasirikia pia.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo iliyotazamwa kwanza. Ilikuwa na madoa meupe na mekundu hadi viwikoni, ngozi imekauka na kupasuka kama tope lililoachwa na maji. Ni chokaa hiyo. Tangu ujanani Fundi alichoma mawe ya matumbawe: aliyapanga juu ya magogo, akayatia moto mpaka yakawa meupe, akayanywesha maji yakachemka yenyewe bila kuni, kisha akayalaza shimoni miezi na miezi. Chokaa changa huunguza, alisema, iliyolala ndiyo hushika. Nusu ya nyumba za mawe za mtaa wetu zimepitiwa na mwiko wake. Alizungumza juu ya kuta kama mtu anayezungumza juu ya wakwe zake, kwa heshima na kwa malalamiko. "Ukuta hula," alikuwa akisema, "na ukuta hunywa. Ukiunyima, unakulipiza."

Saruji aliichukia. Mume wangu hushinda Ras Kitau akivusha wageni wa mahoteli kwa boti, na siku moja ya mapumziko akajipa ufundi, akaziba ukuta wa choo chetu kwa saruji. Fundi akaja bila kuitwa, akasimama mlangoni, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mumemzika nani hapa?"

"Hatujamzika mtu, Ami. Ukuta ulikuwa unamwaga mchanga."

"Basi mumeuzika ukuta wenyewe. Haupumui. Mutaona."

Tukaona. Baada ya mvua mbili ile saruji ilibanduka na kipande cha ukuta kikiwa kimeshikamana nayo. Akaja na ndoo yake, akaziba kwa chokaa, asubuhi nzima akicheka peke yake. Mume wangu akajifanya amelala.

Kwa hiyo kuhusu kuta alikuwa na haki ya kutomsikiliza mtu. Tatizo ni kwamba hakumsikiliza mtu kuhusu chochote. Nilimwambia avae miwani anapomimina maji juu ya mawe yaliyochomwa. La. Nilimwambia vidonge vya presha humezwa kila siku. Yeye akavimeza Ijumaa tu, kwa heshima ya siku. Nilimwambia taa ya ngazi yake ina waya uliochubuka. Akaifunika kwa kofia kuukuu ili nisiuone. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nikapata alama nzuri ya bayolojia, kisha nikaolewa, na yeye alilijua hilo kwa sababu kila mtu analijua. Aliniita Bi Fomu Foo. Nikifungua mdomo tu, angewageukia wazee wenzake barazani aseme, "Nyamazani, Bi Fomu Foo anafungua chuo." Nao wanacheka. Nami naendelea kusema, kwa sababu ndivyo nilivyo. Mama yangu husema nilizaliwa bila breki.

Na lugha yetu haikuwa moja, ingawa sote ni wa hapa. Mimi nasema Kiswahili cha shule kilichochanganyika na cha nyumbani. Yeye alisema Kiamu cha wazee kitupu. Jua kwake lilikuwa yua, maji yalikuwa mayi, chokaa ilikuwa tokaa, na kujua ni kuyua. Binti yangu alimwigiza vizuri kuliko alivyoniigiza mimi.

Kobe alimpata kazini. Mgeni mmoja aliyenunua nyumba ya kale alimwita atengeneze kuta za ndani, na kobe alikuwa akizunguka uani. Siku moja yule mgeni akauza nyumba, akapanda ndege, akasema atarudi kumchukua. Hakurudi. Fundi akambeba kobe kwenye ndoo ya chokaa iliyooshwa, akamleta nyumbani, akamwita Mgeni.

Jina hilo ndilo lililomharibia. Sisi hapa mgeni hapewi nyasi. Fundi alimlisha kobe yule alivyomlisha mtu aliyefika kutoka safari: wali wa nazi, tende zilizotolewa kokwa, mkate wa mofa uliolowekwa kwenye chai, na Ijumaa haluwa. Haluwa! Nilimkuta amechuchumaa, anaikata vipande vidogo kama kucha, anampa kimoja kimoja, na Mgeni anatafuna mdomo umemng'aa mafuta.

"Ami, kobe hali haluwa."

"Mbona anakula?"

"Hata mtoto wangu atakula sabuni nikimwacha."

"Sabuni haina iliki," akasema, akamkatia kipande kingine.

Fundi hakula mpaka Mgeni amekula. Alimpaka gamba mafuta ya nazi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, akalisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa kama mlango mpya. Na alimweka chumba cha ndani kabisa cha nyumba, kile cha giza ambacho ukiingia mchana unapapasa. Hapa kulikuwa na sababu, nayo ilikuwa sababu ya kweli. Kumfuga kobe bila kibali ni kosa, na Fundi alikuwa na hakika kwamba siku atakayomtoa nje ndiyo siku watu wa wanyamapori watakayopita kwenye ndia yetu. Nilimwambia tukaulize kibali kinapatikana vipi.

"Ukiuliza, washajua," akasema.

Ukimficha atadhoofika, ukimtoa ataondolewa. Nilikuwa nikilala na swali hilo, mimi, mwenye mtoto mdogo na nguo za kufua.

Lakini hebu fikiria. Mtu huyu ndiye aliyewapigia kelele wenye nyumba wote wa mtaa wafungue madirisha. Alisema ukuta usioona jua huota chumvi, huvimba, huanguka wenyewe. Nilimrudishia maneno yake.

"Na Mgeni je? Si anaishi humo humo gizani?"

"Ukuta hauibiwi," akasema.

Binti yangu ana miaka minne. Kila asubuhi alikwenda kwa Fundi kabla hata ya kunawa uso, akakaa sakafuni na Mgeni, akamsimulia ndoto zake. Fundi, ambaye hakuwa na subira na mafundi wazima, alimwachia atie mikono kwenye ndoo za mchanga na achore ukutani kwa mkaa. Alimfundisha kumshika kobe kwa mikono miwili, chini ya tumbo, kama anayebeba sahani ya mchuzi. Binti yangu ndiye aliyeligundua.

"Mama," akasema, "Mgeni amekuwa laini."

Nikaenda. Nikabonyeza gamba kwa kidole gumba, ubavuni. Likaingia ndani kama kifuniko cha kopo la siagi, kisha likarudi polepole. Juu lilikuwa limefanya vilima vilima, na kando limejipinda. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni mafuta," akasema. "Limelainika kwa mafuta mazuri."

"Si mafuta, Ami. Ni ugonjwa."

"Ngozi ya mwanadamu haiwi laini kwa mafuta?"

Nikaenda kwa daktari wa punda, maana hapa ukiwa na mnyama mgonjwa ni huyo au dua. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka. Akaniambia kabla sijakaa kwamba yeye kobe hakusomea sana, lakini aliloniambia lilikuwa wazi. Asipewe chakula kilichopikwa wala cha sukari. Apewe nyasi, majani ya kunde, majani ya porini, na mchicha usizidi. Awekwe juani kila asubuhi, kwani bila jua hata ukimlisha gunia la dawa haliingii kwenye gamba. Mafuta yaachwe. "Na anahitaji madini ya chokaa," akasema. "Chukua maganda ya mayai, yasage yawe unga, umnyunyizie juu ya majani. Au mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaotupwa na maji ufuoni, umkwangulie. Kuna na unga wenyewe wa dukani wenye vitamini, lakini huo mpaka uagizwe Mombasa."

Madini ya chokaa. Neno hilo nililijua. Limo kwenye kitabu cha bayolojia. Muuguzi wa kliniki alilitumia nilipokuwa na mimba, akanipa vidonge, nikavimeza, na wala sikufikiri hata mara moja kwenda kulamba ukuta. Kwa hiyo nililibeba neno lile mpaka nyumbani bila kulitazama.

Nilisimama mlangoni kwa Fundi sufuria yangu ikiwa jikoni na binti yangu akinivuta buibui. Nikasema kwa haraka, kama ninavyosema siku zote. Wali basi. Haluwa basi. Mafuta basi. Atoke juani. Kwa kila neno alitikisa kichwa, la, la, la. Kisha nikasema, "Na anahitaji chokaa. Gamba lake halina chokaa."

Kichwa kikasimama.

"Tokaa?"

"Ndiyo. Hiyo hiyo."

"Ya kula?"

"Ya kula, Ami. Kidogo kidogo, juu ya majani."

"Kama tambuu," akasema taratibu.

Tambuu mnaijua: jani, kipande cha popoo, na chokaa iliyopakwa kwa ncha ya kidole. Wazee wetu wametafuna hivyo maisha yao yote. Mimi nilikuwa nanusa harufu ya mchuzi unaoungua. "Mambo ya tambuu siyajui, lakini ndiyo, juu ya jani," nikasema, nikakimbia. Nilikuwa nimepanga kumpelekea maganda ya mayai kesho yake. Tayari nilikuwa nimeshaanza kuyaweka kando.

Sikujiuliza kwa nini mara hiyo hakubisha.

Asubuhi binti yangu alirudi mbio, hajavaa viatu. "Mgeni anatoa povu." Nilipoingia, Fundi alikuwa sakafuni, Mgeni mapajani mwake, anamfuta mdomo kwa ncha ya kikoi. Ulimi ulikuwa umevimba, mweupe. Kando kulikuwa na sahani, na kwenye sahani majani ya kunde yaliyobaki, machanga, yamechaguliwa, kila moja limepakwa chokaa nyembamba na kukunjwa pembe tatu, sawasawa, kama tambuu ya harusi. Alikuwa ametoa ile chokaa yake bora, iliyolala muda mrefu kuliko zote.

Nikampigia daktari. Akasema tuoshe mdomo kwa maji mengi, tuoshe tena, tumlete. Tukamwosha. Tukampeleka. Akamwangalia kwa tochi, akazima tochi. Akasema kilichoungua kimeungua, tumpe maji, tungoje.

Hapo ndipo nilipomlipukia Fundi, njiani, mbele ya watu, na punda wawili wamebeba mchanga wamesimama kwa sababu tumeziba ndia.

"Wewe si ndiye fundi wa chokaa? Mikono hiyo hujaiona? Hukujua kwamba inaunguza?"

"Naliyua," akasema.

"Ulijua! Basi kwa nini?"

Alikuwa amemkumbatia Mgeni kifuani kama kitabu. Hakuinua sauti. "Watu huila na tambuu," akasema. "Tena weye umesoma. Nalisema moyoni, siku zote nambishia huyu mwana. Leo nisimbishie."

Mwenye punda akasema, "Pisheni basi," tukapisha.

Miaka saba nilitaka mtu huyu anisikilize neno moja.

Toka siku hiyo alinisikiliza yote. Sijaona adhabu kama ile. Chupa ya mafuta ya nazi alinikabidhi mimi, niiweke kwangu. Haluwa haikuingia tena nyumbani kwake, hata yake mwenyewe. Kila asubuhi alimtoa Mgeni barazani, juani, mbele ya watu wote, na hofu yote ya kibali ikaisha kana kwamba haikuwahi kuwepo. Wapita njia walimtania. "Fundi, umempiga kobe plasta?" Mmoja akauliza kama atampaka na rangi. Zamani angewajibu kwa maneno ya kuwafanya wapite ndia nyingine kwa mwezi. Sasa aliwatazama tu. Vidonge vya presha akavimeza kila siku, nilimwona. Na kila hatua aliniuliza kupitia dirishani: "Dakika ngapi? Nimgeuze? Mayi yawe moto kiasi gani?" Nami, niliyekuwa na jibu la kila kitu, nikawa natafuta kwenye simu, natafuta mara mbili, namwambia, kisha nakesha na wasiwasi kama nimekosea tena.

Mgeni hakula. Nilimpa uji wa majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, Fundi akimshika kichwa kwa vidole viwili. Kidogo kiliingia, kingi kilirudi. Maganda ya mayai niliyasaga mpaka kinu kikageuka cheupe, lakini ganda la yai halimfai asiyemeza. Binti yangu aliuliza, "Nani alimpa dawa mbaya?" Fundi akasema, "Mimi," wakati huo huo nami nikasema, "Mimi." Akatutazama wote wawili, akaona tunacheza, akacheka.

Juzi, kabla ya adhuhuri, Fundi akabisha hodi. Macho yake yamepungua nuru, hilo tulilijua sote, na binti yake aliyeolewa Chundwa, kisiwa cha pili, alikuwa amekuja kumchukua akakae naye. Boti ilikuwa inangoja gatini. Alikuwa amevaa kanzu safi. Mkono mmoja alishika kikapu, Mgeni ndani, kichwa kimeingizwa, na mwingine karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu ya mawe.

"Niandikie," akasema. "Herufi za chuoni, nipate kusoma mwenyewe."

Sijaandika kwa herufi za chuoni, zile za Kiarabu, tangu nitoke madrasa. Nikaketi kizingitini, karatasi gotini, nikaandika mstari mmoja mmoja kama mtoto. Kila nilipomaliza mstari aliivuta karatasi karibu na jicho, akausoma kwa sauti, kisha akaniuliza.

"Nyasi. Nyasi zipi?"

"Zozote za shambani, zisizopigwa dawa."

"Majani ya kunde. Mabichi?"

"Mabichi."

"Bila kitu juu yake?"

"Bila kitu chochote, Ami."

"Mfupa wa ngisi. Ngisi huyu wa kuliwa?"

"Huyo huyo. Mfupa wake, si nyama. Ukwangue kwa kisu, uwe unga."

"Usichomwe?"

Nikamwangalia. Maisha yake yote amechukua kitu cheupe kutoka baharini akakitia moto.

"Usichomwe," nikasema. "Usitiwe moto kabisa."

"Usitiwe moto. Liandike."

Nikaliandika. Jua la asubuhi nililiandika yua, kama anavyosema yeye, ili lisije likawa kitu kingine. Maji ya uvuguvugu ya kumwogeshea nikayaandika mayi. Akauliza uvuguvugu ni upi, nikaingia ndani nikachanganya maji kwenye bakuli, akatia mkono wake, lakini ngozi ile haikuhisi kitu, ikabidi atie kiwiko. Binti yake akaita kutoka chini ya ndia, "Baba, boti!" Hakugeuka.

Akaipitisha karatasi jichoni kutoka juu hadi chini. Ilibaki nafasi ya mstari mmoja.

"Hapa hukuandika kama atapona."

Nilibonyeza gamba ndani ya kikapu. Kidole kikazama, safari hii gamba halikurudi. Nikatoa mkono. Watu wote hapa wananijua kwa kusema jambo kama lilivyo, na yeye ananijua zaidi yao.

"Sijui, Ami."

"Liandike hilo."

Nikaliandika. Akalisogeza jichoni, akalisoma kwa sauti ile ile aliyosomea mengine: "Siyui." Kisha akashusha karatasi, akanitazama, akangoja nimweleze maana yake.